Kuta tatu za lupango mmoja: kisa cha nyumba ya Kamalondo

Swali lilikuja kwa simu, Jumapili baada ya misa: "Mwalimu, nyumba yetu ina miaka mingapi?" Aliyeuliza ni mjukuu mkubwa wa familia moja ya mtaa wa Kamalondo, dada tuliyewahi kufundisha naye shule moja. Anajua kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizunguka Lubumbashi na mita, daftari na kamera, nikiandika habari za nyumba za zamani kabla hazijabomolewa. Nikamwambia nitapita Jumatano. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilinichukua miezi minne, na katika wiki ya kwanza nilikosea vibaya. Nakiandika kisa chote kama kilivyotokea, na kosa langu ndani yake, kwa sababu siku hizi vijana wengi wa mji huu wanapiga picha za nyumba za zamani na kuandika mwaka chini yake, na mara nyingi mwaka huo hauna shina.

Kwa wasomaji wasio wa Katanga: lupango ni kiwanja pamoja na vyote vilivyomo, nyumba, jiko, choo, vyumba vya wapangaji, mwembe na ukuta wa kuzungushia. Mtu wa Lubumbashi akisema "lupango wetu" hasemi ardhi peke yake. Anasema ukoo.

Na ukoo ndio uliokuwa nyuma ya lile swali. Nkambo wao, yaani babu, alioa mara mbili. Mke wa kwanza alifariki, akaja wa pili. Watoto wa mama wa kwanza wanasema nyumba ilijengwa mama yao akiwa hai, kwamba ndiye aliyekanyaga udongo wa matofali kwa miguu yake. Watoto wa mama wa pili wanasema mama wa kwanza alikuwa ameshazikwa nyumba ilipoanza kusimama, na aliyepikia mafundi ni mama yao. Mabishano haya yalikuwa yamelala kwa miaka mingi bila kumdhuru mtu, hadi akaja mnunuzi. Kamalondo iko karibu na katikati ya mji, na tangu 2011 ina uwanja wa timu ya TP Mazembe. Mwenye pesa anayetaka kujenga maduka ya ghorofa huanzia huko. Mnunuzi alikuwa amekuja mara mbili. Kwa hiyo mwaka wa kujengwa nyumba ulikuwa umegeuka kuwa suala la nani anatia sahihi na nani anapokea. Kwenye simu hakuna aliyeniambia hayo. Ningeambiwa, huenda ningefunga mdomo mapema zaidi.

Nieleze pia kwa nini nyumba ya Kamalondo ni ngumu kuliko nyumba ya mjini. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianza mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika, na mwaka uliofuata tanuru la shaba la Union Minière, kampuni ya migodi, likaanza kuyeyusha kando ya mto Lubumbashi. Mji ulichorwa kwa mistari iliyonyooka, na ulichorwa miji miwili: wa Wazungu, na "cité" ya Waafrika, katikati yake eneo tupu la mamia ya mita lililoitwa "zone neutre", lililotetewa kwa hoja za afya na mbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 cité hiyo ilikuwa Cité Albert. Ndiyo Kamalondo ya leo.

Mgawanyo huo umeingia hadi kwenye makaratasi. Ukitaka kujua habari za ukumbi wa michezo wa zamani, ambao leo tunauita Jengo la 30 Juin, utapata jina la mchoraji wake, Claude Strebelle, na utajua ni kazi ya katikati ya miaka ya 1950. Sinagogi lina jina la Raymond Cloquet na mwaka 1930. Hata Ruashi, mtaa mwingine uliokuwa wa Waafrika, ina nafuu: nyumba zake nyingi zilijengwa kwa safu na Office des Cités Africaines, shirika lililoundwa mwaka 1952, na nyumba ya safu ina ramani moja inayofanana na ya jirani. Lakini Kamalondo watu walipewa kiwanja wakajenga wenyewe, kwa mfuko wao na kwa ndugu zao. Mchoraji wa nyumba alikuwa mwenye nyumba, na ramani ilikuwa kamba na vigingi vinne.

Jumatano ile nilifika saa mbili asubuhi. Nyumba ilinipendeza. Ilikuwa ya vyumba vinne, mbele ina barza yenye nguzo mbili nene zilizopigwa lipu na kupakwa chokaa, ngazi mbili za granito zilizosuguliwa na miguu hadi zikang'aa, madirisha ya fremu za chuma, paa la mabati la migongo miwili. Mtu aliyezoea kuangalia nyumba za mji huu akiona madirisha yale na granito ile atawaza mara moja miaka ya 1950, na ndivyo nilivyowaza.

Papa mdogo, kitinda mimba wa mama wa pili, akaniletea makaratasi ndani ya mfuko wa plastiki. Kulikuwa na "livret de logeur", kile kijitabu cha mwenye nyumba kilichotolewa na utawala wa cité, chenye jina la nkambo na muhuri wa 1953. Ndani yake mlikuwa na risiti za mkopo, zimeandikwa kwa wino wa bluu, ya kwanza ya mwaka ule ule. Akaongeza kwa mdomo kwamba mkopo ulitoka Fonds du Roi, pesa za Bwana Kitoko. Halafu akatoa picha: nkambo amekaa kwenye kiti cha mbao juu ya barza, baiskeli imeegemezwa nguzoni, mama wa pili amesimama na mtoto mgongoni. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu "Eville 1954", Eville ikiwa kifupi cha Élisabethville.

Hapo hapo nikaona pengo dogo, na nikajivunia kuliona. Bwana Kitoko ni jina walilompa watu wetu mfalme Baudouin alipotembelea Kongo mwaka 1955, na Fonds du Roi ilitangazwa kutokana na safari ile. Picha ya 1954 inaonyesha paa limeshaezekwa. Basi mkopo ulitoka kwingine. Papa mdogo hakusema uongo: mfuko ule ulisaidia watu wengi baadaye kupata nyumba, na jina lake likameza mikopo mingine yote kwenye kumbukumbu za watu. Nimekutana na jambo hilo hilo Katuba na Kenya, mitaa mingine ya mji huu. Mzee anakumbuka vizuri kwamba alilipa kila mwezi. Jina la aliyemkopesha ndilo linalohama.

Kwa hiyo nilikuwa na vitu vitatu vinavyokubaliana: sura ya nyumba, kijitabu, picha. Jumamosi familia ikakusanyika kwenye barza. Nikasimama nikasema, kwa sauti ya mtu aliyepima, kwamba nyumba hii ni ya mwaka 1953. Upande mmoja ukapiga makofi. Upande wa pili ukanyamaza. Shangazi, binti wa mwisho wa mama wa kwanza, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini anayeishi Katuba, aliinuka taratibu, akachukua mfuko wake, akatembea hadi mlango wa nje. Nilimfuata kumsindikiza. Pale mlangoni akaniambia maneno ambayo bado yananikaa: "Mwalimu, ulipima nyumba. Jiko haukupima."

Nililala vibaya siku ile. Nilikuwa nimetoa neno zito mbele ya watu waliokuwa na jambo zito, na sikuwa nimeweka mguu jikoni. Jiko la Kamalondo liko nyuma, jeusi kwa moshi, linaonekana kama banda. Mtafiti anayependa barza na nguzo hupita. Mimi nilipita.

Jumatatu nilikwenda Katuba kumwomba msamaha. Shangazi alinipokea, akanipa maji, akakataa kuzungumza habari za nyumba kabla sijala. Baadaye akakubali turudi pamoja Kamalondo, yeye aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe. Kuanzia hapo utafiti ulianza upya.

Ukuta wa nyuma wa jiko ulikuwa umepakwa chokaa tabaka juu ya tabaka. Mvua ya mwaka huo ilikuwa imepenya chini ya bati na kubandua lipu kwenye pembe, kipande cha ukubwa wa meza. Nikapiga magoti na mita. Matofali yale yalikuwa na urefu wa sentimita 29, upana 14, kimo 9. Nikaenda kwenye ukuta wa nyumba ya mbele, mahali lipu ilipopasuka chini ya dirisha: 22 kwa 10 na nusu, kimo 6 na nusu, kingo zimenyooka, rangi moja. Nikaenda kwenye vyumba vya wapangaji: matofali ya saruji, 40 kwa 20. Lupango mmoja, matofali ya aina tatu. Hakuna familia inayonunua aina tatu za matofali katika mwaka mmoja.

Yale makubwa ya jikoni niliyaangalia kwa muda mrefu zaidi kuliko kitu chochote katika kisa hiki. Rangi yake haikuwa moja: nje yana wekundu wa machungwa, na pale yalipovunjika ndani ni kijivu, dalili kwamba moto wa tanuru ulifika kwa shida. Juu ya tofali moja lililolegea palikuwa na mifuo minne sambamba. Ni vidole vya mtu aliyefuta udongo uliozidi juu ya kibao cha kufyatulia, akavuta mkono mara moja kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati ya tofali na tofali hapakuwa na saruji. Palikuwa na udongo.

Udongo huo Shangazi aliutambua bila kuinama. "Ni ya kichuguu," akasema. "Kichuguu ilikuwa pale." Akanyoosha mkono kwenye mwembe.

Hapo ndipo niliona kitu nilichokuwa nimekikanyaga mara tatu. Mwembe wa familia hausimami juu ya ardhi tambarare. Umesimama ndani ya beseni, shimo pana lililolala chini kuliko ua kwa kiasi cha goti, na mvua ikinyesha maji hukusanyika pale. Nilikuwa nimechora ramani ya ua mzima nikaandika "mwembe", basi.

Wanaoujua uwanda wetu wa Lubumbashi wanajua vichuguu vyake, virefu kuliko nyumba, vimejaa msituni na hata ndani ya mji. Mchwa huchambua udongo chembe kwa chembe na kuupandisha juu, na udongo ule una mfinyanzi mwingi, hivyo unashika vizuri. Mpaka leo mafundi wa pembezoni mwa mji hubomoa kichuguu, humwagia maji, hukanyaga kwa miguu, hufyatua kwenye kibao, huanika, kisha hupanga tanuru na kuchoma kwa kuni. Nkambo alipewa kiwanja chenye kichuguu. Kwa mtu mwingine ingekuwa hasara. Yeye na mke wake wakakigeuza kuwa nyumba, na mahali kilipokuwa pakabaki shimo, na ndani ya shimo wakapanda mwembe kwa sababu pana unyevu. Ule mwembe, kwa namna yake, ni hati.

Basi tukawa na nyumba ya kwanza. Ilisimama lini?

Sikumuuliza Shangazi mwaka. Ukimuuliza mzee mwaka atakupa mwaka ili akuridhishe. Nilimuuliza alizaliwa wapi. Akaingia jikoni, akaweka kiganja kwenye ukuta wa upande wa kulia, akasema: "Hapa. Mama aliniambia, mulango ilikuwa hapa." Tukagonga. Sauti ilibadilika. Kesho yake, kwa ruhusa ya familia nzima, tulibandua lipu, na mlango ukaonekana: umezibwa kwa matofali madogo ya ile nyumba ya mbele, juu yake linta ya mti mgumu isiyoguswa na mchwa, chini yake kizingiti kilichozama karibu sentimita 20 chini ya sakafu ya sasa. Jiko lilikuwa chumba. Na mlango wake ulitazama njia ya pembeni, kwa hiyo nyumba ya kwanza uso wake ulikuwa upande mwingine kabisa.

Mama yake alimwambia pia kwamba mimba yake ilikuwa kubwa siku waliyopigwa risasi wafanyakazi wa Union Minière. Jambo hilo lina tarehe inayojulikana: mgomo wa Desemba 1941, na risasi za tarehe 9. Kadi ya ubatizo ya Shangazi, aliyoitunza ndani ya Biblia, ni ya Februari 1942. Vitu viwili visivyofahamiana vinasema neno moja. Ukuta ule ulikuwepo kabla ya mwisho wa 1941.

Mpaka wa chini ulitoka kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeiona kuwa ya nyumba: kitabu cha kazi cha nkambo. Alikuwa kwenye kambi ya Union Minière, na aliachishwa kazi mwaka 1931, wakati bei ya shaba ilipoanguka duniani na kampuni ikapunguza watu kwa maelfu. Mtu wa kambi hakuwa na haja ya kiwanja cité. Kampuni ilimpa chumba, na ikampa pia bwana wa kumchunga. Kupoteza kazi kulikuwa kupoteza kitanda siku ileile. Waliobaki mjini badala ya kurudi vijijini walitafuta kiwanja Cité Albert na kuanza kujitegemea. Nkambo alishona nguo. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ni ya kati ya 1931 na 1941. Siwezi kuibana zaidi ya hapo, na nilikataa kuibana nilipoombwa. Mjukuu mmoja alinisihi niandike "1935" ili ipendeze kwenye karatasi. Miaka kumi iliyo na ushahidi ina nguvu kuliko mwaka mmoja usio na baba.

Nyumba ya pili hatukuwa na haja ya kuisumbukia tena. Ni ya 1953, kama nilivyosema mwanzo; kosa langu halikuwa katika tarehe. Mama wa kwanza alifariki mwishoni mwa miaka ya 1940, pande zote mbili zinakubali, na mama wa pili alikuwa ameshaingia mkopo ulipotoka. Matofali ya kiwandani, saruji kwenye viungo, madirisha ya chuma: ni nyumba ya mtu aliyeanza kupata, anayetaka kuonekana kutoka barabarani. Aligeuza uso wa nyumba. Alijenga mbele, akaacha chumba cha zamani nyuma, akaziba mlango wake, akafungua mwingine kuelekea ua, na chumba alichozaliwa Shangazi kikawa jiko.

Vyumba vya wapangaji vilikuwa rahisi kuliko vyote, na vinauma kwa namna yao. Papa mdogo mwenyewe alivijenga. Alikuwa Gécamines, kampuni iliyozaliwa kutoka Union Minière baada ya serikali kuitaifisha, na katika miaka ya 1990 alikaa muda mrefu bila mshahara. Wakati wa zile "départs volontaires", yaani kuacha kazi kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondoka kwa malipo ya mara moja, alipokea sehemu yake, na mwaka 2004 akainunulia saruji. Aliniambia hivi akiwa ameshika tofali la mwisho la ukuta: "Miaka yangu yote ya kazi iko hapa, vyumba tatu." Kodi ya vyumba hivyo imesomesha watoto watano. Sura yake haina uzuri, na hakuna mtu atakayeipiga picha, lakini niliipima kwa uangalifu ule ule nilioipa nyumba ya babake. Ni historia ya ujenzi ya Lubumbashi sawa na barza: ua baada ya ua, kuanzia Kamalondo hadi Kenya, utakuta safu ya vyumba vya saruji vilivyosimamishwa na watu waliopoteza mshahara.

Niseme kidogo juu ya makaratasi, maana wengi huniuliza. Katika ofisi moja niliambiwa jalada la kiwanja limepotea. Niliporudi baada ya wiki mbili lilikuwepo. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa mipaka ya viwanja, namba, basi. Michoro ya wakati ule inaonyesha lupango, haionyeshi chumba. Nyaraka nyingi za utawala wa kikoloni ziko Brussels, na picha nyingi ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na ni vyema kuzitafuta, lakini mpiga picha wa serikali alisimama mbele ya kanisa kuu na posta, hakuingia uani kwa watu. Na sisi wenyewe tuliandika pia. Kuna historia ya mji huu iliyoandikwa mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa hapa na waliokuwa wapishi na watumishi wa nyumba za Wazungu. Walioutumikia mji waliona unafaa kuandikwa kwa lugha yao, miaka mitano tu baada ya uhuru. Ninapokaa na wazee nalikumbuka hilo, na naandika maneno yao kama wanavyoyasema.

Jambo la mwisho la njia ya kazi, kisha nirudi kwenye familia. Kumuuliza mtu wa Katanga habari za nyumba yake na karatasi zake ni kumgusa penye kidonda. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi, wakiacha nyumba au kuziuza kwa bei ya nauli. Kabla ya hapo kulikuwa na vita vya wakati Katanga ilipojitenga. Nyumba nyingi zimebadili mkono kwa namna ambayo mwenye nazo hataki kuisimulia, au aliyezipoteza hawezi kuisimulia bila kulia. Kwa hiyo sigongi mlango nikiwa na kamera shingoni. Naenda kwanza bila kitu, nasalimia, narudi siku nyingine. Na ramani ninayochora naiacha kwanza kwa wenye nyumba.

Hii niliichora kwa rangi tatu kwenye karatasi moja kubwa: nyeusi kwa kuta za kichuguu, nyekundu kwa 1953, bluu kwa 2004. Pembeni sikuandika jina la mtu. Niliandika vipimo vya matofali na nilichokiona. Familia ilikutana tena, safari hii uani, chini ya mwembe, kwa sababu Shangazi alikataa kukaa kwenye barza. Nilianza kwa kusema kwamba Jumamosi ile nilisema sehemu ya jambo nikaita jambo zima, na kwamba namwomba msamaha mbele ya wote waliokuwepo. Kisha nikaitandika karatasi juu ya meza, nikaelekeza kila rangi, nikakaa.

Papa mdogo aliivuta karatasi kwake akaitazama muda mrefu. Akauliza swali moja tu: kama ule ukuta mweusi ungebomolewa mwaka 1953, nyumba nyekundu ingeweza kusimama? Nikamwambia ingesimama, haikuuegemea. "Basi aliuacha kwa kupenda," akasema. Sikujibu. Matofali hayasemi kwa nini.

Walivyogawana ni yao, na waligawana mbele ya shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, na wazee wawili. Nitasema tu kwamba pande zote mbili zilitia sahihi, na lupango ukauzwa. Niliomba kitu kimoja: niwepo siku ya kubomoa.

Ilikuwa Juni, baridi ya asubuhi na vumbi jekundu. Waliondoa mabati, wakaangusha nguzo za barza, wakaanza msingi wa nyumba ya mbele, ile niliyokuwa nimeitia wino mwekundu kote. Fundi akaniita. Chini ya mstari wa ardhi, mahali ambapo hapana mita wala kamera iliyokuwa imefika, msingi ulikuwa wa matofali makubwa. Nilipima matano: 29 kwa 14 kwa 9. Mengine yalikuwa bado na chokaa upande mmoja, chokaa ya ukuta uliowahi kuwa ndani ya chumba. Mwaka 1953 fundi alikuwa amebomoa sehemu ya nyumba ya kwanza, akazika matofali yake, na juu yake akapandisha nyumba ya pili. Ramani yangu ya rangi tatu ilikuwa na kosa tena. Nilikaa juu ya rundo la vifusi nikairekebisha kwa kalamu: mstari mweusi chini ya mwekundu, kuta zote nne.

Papa mdogo alikuja akachungulia shimoni. Akampigia simu Shangazi, akamwambia aje na mtu mwenye pusupusu, yaani mkokoteni.

Alikuja mchana na mjukuu wake. Alichagua matofali mmoja mmoja, akiyapiga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akatupa yaliyopasuka. Arobaini na mawili. Lile lenye mifuo minne ya vidole alilifunga kwa kitenge, akalishika mapajani. Mengine, alisema, ni ya kujengea jiko huko Katuba.